Kubuni na kusanisi dawa mpya za malaria na kifua kikuu: mwongozo kamili kwa anayeanza

Kampaundi inayoua vimelea vya malaria ndani ya sahani ya maabara si adimu. Mwaka 2010 kampuni ya dawa ya GSK ilipima karibu kampaundi milioni 2 kutoka ghala lake, ikaweka hadharani 13,533 zilizozuia vimelea kukua. Hakuna duka la dawa lililopata dawa mpya 13,533 baada ya hapo. Kampaundi zenye nguvu zipo tele. Kazi ngumu ni kuzitupa zisizofaa mapema, kabla hazijala miaka na fedha za watu.

Hatua za mwongozo huu zimepangwa kwa msingi huo: jaribio la bei nafuu linatangulia, la gharama linafuata, na kampaundi iliyoanguka haisogezwi mbele kwa huruma. Unamfaa mwenye msingi wa kemia ogani au biolojia, anayefanya kazi ndani ya maabara yenye usimamizi. Hakuna kitu kinachotengenezwa hapa ambacho mtu anaruhusiwa kukimeza.

Hatua ya 1: Andika dawa unayoitaka kabla ya kuchora molekuli

Ukurasa mmoja unatosha, ila uandikwe kweli na ubandikwe ukutani. Nani atameza? Kwa njia gani? Siku ngapi? Pamoja na dawa zipi nyingine?

Kwa malaria, majibu ni makali. Wanaokufa zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5, kwa hiyo dawa imezwe, isiwe chungu kupita kiasi, na dozi ziwe chache. Wajawazito wasiachwe nje. Amua pia unalenga hatua gani ya maisha ya kimelea: ini, damu, au gametosaiti zinazobebwa na mbu. Ukilenga Plasmodium vivax, kuna vimelea vinavyolala ndani ya ini na kuamka baadaye. Dawa zinazovifikia leo, primakwini na tafenokwini, zinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Ukipata kampaundi ya kundi jingine kabisa inayofanya kazi hiyo, umegusa pengo kubwa.

Kwa kifua kikuu tatizo ni muda na mchanganyiko. Tiba ya kawaida ni miezi 6, ikianza na dawa nne: isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini, hasa CYP3A4, navyo huzichoma dawa nyingine kwa kasi. Wagonjwa wengi pia wanatumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Kampaundi yako ikitegemea CYP3A4 kuondoka mwilini, ujue hilo tangu siku ya kwanza, si baada ya kutumia fedha zote za mradi.

Hatua ya 2: Anza na kiumbe hai au na protini?

Njia mbili. Unaweza kuchukua protini moja muhimu ya kimelea na kutafuta molekuli inayoiziba, au ukaanza na kimelea kizima na kuangalia nini kinakiua, halafu ukauliza baadaye kimekufaje.

Ushauri wangu kwa maabara ndogo: anza na kiumbe hai. GSK walieleza mwaka 2007 kwamba kampeni zao 70 za kutafuta viuabakteria, karibu zote zikiwa za kulenga protini, zilitoa kampaundi 5 tu za kuendelezwa. Kuziba protini ndani ya bomba ni jambo moja, kupenya ukuta wa bakteria ni jambo lingine, na ukuta wa Mycobacterium tuberculosis, uliojaa asidi za mikoliki zenye mafuta, ni miongoni mwa kuta ngumu zaidi zinazojulikana. Bedakwilini, dawa ya kifua kikuu, ilipatikana kwa kupima kampaundi juu ya bakteria hai, Mycobacterium smegmatis. Kwamba inaziba mtambo wa kutengeneza ATP ilijulikana baadaye, kwa kusoma jeni za bakteria waliokuwa sugu. Cipargamin ya malaria nayo ilianza hivyo hivyo, na protini yake, PfATP4, ikafahamika mwishoni.

Njia hii ina mitego yake. Bakteria wa kifua kikuu hukuzwa mara nyingi kwenye lishe yenye gliseroli. Liliwahi kupatikana kundi zima la kampaundi lililowaua vizuri mno kwenye lishe hiyo na kushindwa kabisa ndani ya panya, kwa sababu sumu yake ilitegemea bakteria wawe wanakula gliseroli, na ndani ya pafu hawaitegemei. Kwa hiyo rudia kila jaribio kwenye lishe isiyo na gliseroli. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na panya. Mtego wa pili: kampaundi nyingi zinazoua bakteria hawa huangukia protini zile zile, DprE1, MmpL3 na QcrB. Si vibaya, ila usijidanganye kwamba umegundua mlango mpya.

Njia ya protini isidharauliwe pale muundo wake unapojulikana vizuri. Kimeng'enya cha DHODH cha kimelea cha malaria kililengwa moja kwa moja na kikazaa DSM265, iliyofika kwenye majaribio ya binadamu. Miundo ya protini inapatikana bure kwenye hifadhi ya PDB, na programu kama AutoDock Vina hazilipiwi. Alama ambazo programu hizo hutoa zisomwe kama dokezo la nini kitengenezwe kwanza. Anayeandika kwamba kampaundi yake "ina nguvu" kwa sababu kompyuta imesema hasi 9.8 bado hajaanza kazi.

Hatua ya 3: Pata kampaundi za kuanzia, kisha chuja

Usianze na sifuri. Medicines for Malaria Venture (MMV) walikusanya kampaundi 400 kwenye Malaria Box na nyingine 400 kwenye Pathogen Box, wakazigawa bure kwa watafiti, na matokeo ya vipimo vyake yamechapishwa. Hifadhidata ya ChEMBL ina takwimu nyingi mno za nani alitengeneza nini na ilifanya kazi kiasi gani. Tumia wiki nzima humo kabla ya kushika chupa yoyote.

Mimea nayo ni chanzo halali. Tu Youyou na wenzake walipata artemisinini mwaka 1972 kutoka Artemisia annua baada ya kuacha kuchemsha na kuchuja kwa etha kwa joto la chini, kwa kuwa daraja la oksijeni mbili ndani ya molekuli halivumilii moto. Nobeli ilimfikia mwaka 2015. Ukichuja mmea kwa maji yanayochemka na kukuta hakuna kitu, kumbuka daraja hilo.

Halafu chuja kwa macho na kwa programu. Ondoa molekuli zinazong'ang'ania kila protini au kuingilia rangi za vipimo. Angalia uzito na upendaji wa mafuta: kanuni ya Lipinski inataka uzito usizidi 500 na logP, kipimo cha upendaji huo wa mafuta, isizidi 5. Kwa malaria ifuate kwa kiasi kikubwa. Kwa kifua kikuu ilegeze, maana bedakwilini ina uzito wa takriban 555 na rifampisini 823, na zote humezwa. Hata kundi la naitro, ambalo wakemia wengi wa dawa hulikimbia, limo ndani ya dawa za kifua kikuu pretomanidi na delamanidi, na ndilo linalofanya kazi.

Hatua ya 4: Hakikisha kwa poda mpya

Nguvu uliyoiona kwenye kisima kimoja cha sahani inaweza kuwa ya uchafu. Nunua au tengeneza poda mpya, ipime usafi, kisha rudia.

Plasmodium falciparum hukuzwa ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu, mbinu ambayo Trager na Jensen waliitoa mwaka 1976, kwa nyuzi 37 na oksijeni kidogo. Kampaundi huachwa na vimelea kwa saa 72, kisha rangi ya SYBR Green I huongezwa. Ujanja ni huu: chembe nyekundu iliyokomaa haina DNA, kwa hiyo mwanga wowote unaouona unatoka kwa kimelea. Tumia aina mbili tangu mwanzo, 3D7 isiyo sugu na Dd2 iliyo sugu kwa klorokwini. Tofauti kubwa kati yao ni habari mbaya inayopatikana kwa bei rahisi.

Kifua kikuu kinadai subira. Bakteria hugawanyika mara moja kwa takriban saa 20 hadi 24, kipimo cha kimiminika huchukua kama wiki, na makoloni huonekana baada ya wiki 3 au 4. Kazi na H37Rv hai, aina ya bakteria wa kifua kikuu inayotumika maabarani, hufanyika tu kwenye maabara ya usalama wa daraja la 3. Usiyenayo anza na M. smegmatis au BCG, bakteria wa chanjo, ukijua kwamba baadhi ya kampaundi nzuri zitakupita, kisha tafuta mshirika mwenye maabara hiyo. Kipimo chenyewe ni rahisi kusoma: resazurini ni ya buluu, bakteria walio hai huigeuza ya waridi.

Sambamba na hayo, pima sumu kwa seli za binadamu, kwa mfano HepG2 za ini. Kama kipimo kinachoua seli hakizidi walau mara 10 ya kile kinachoua kimelea, umepata sumu ya kawaida. Itupe.

Hatua ya 5: Benchi la kemia

Hapa ndipo wanaoanza hupoteza muda kwa kuchagua njia nzuri ya kutengeneza kampaundi moja. Unachohitaji ni njia inayofika kwenye kipande kimoja cha kati, ambacho kutoka hapo kampaundi 20 au 30 zinatoka kwa mmenyuko mmoja wa mwisho. Fikiria kutoka mwisho kurudi mwanzo: kata molekuli pale ambapo ungependa kubadilisha mambo mara nyingi, na ukato huo ndio uwe mmenyuko wa mwisho.

Mfano unaofanyika hata kwenye maabara ya kawaida ya chuo ni kiini cha klorokwini. Kimelea hula himoglobini na kuachia hemi, ambayo ni sumu kwake, hivyo huigeuza kuwa fuwele za hemozoini. Klorokwini, ikiwa ni besi dhaifu, hujikusanya ndani ya tumbo la kimelea na kuzuia fuwele hizo kujengwa. Usugu ulikuja pale protini ya PfCRT ilipobadilika, hasa kwenye nafasi ya 76, ikaanza kuitoa dawa nje. Hemi yenyewe haikubadilika, na haiwezi kubadilika kwa sababu inatoka kwenye himoglobini ya mgonjwa, si kwenye jeni za kimelea. Ndiyo maana bado inafaa kubadilisha mkia wa molekuli huku ukiacha kichwa chake.

Chukua 4,7-diklorokwinolini na ethilenidiamini, diamini ikiwa nyingi mara kadhaa kuliko mwenzake. Pasha kwanza karibu nyuzi 80 kwa saa moja, kisha panda hadi karibu 135 kwa saa tatu hivi, ndani ya kabati la hewa, kwa kuwa mvuke wa diamini huchoma macho na mapafu. Kuna klorini mbili, ila inayoondoka ni ya nafasi ya 4 peke yake. Diamini inapoishambulia kaboni hiyo, chaji hasi hupokelewa na naitrojeni ya kwenye pete. Nafasi ya 7 haina msaada huo. Na ni bahati, maana klorini ya 7 inahitajika kwa nguvu ya dawa.

Kwa nini diamini iwe nyingi? Kwa sababu ina mikono miwili. Ikipungua, molekuli moja ya diamini itashika kwinolini mbili, na utapata biskwinolini. Huu si uchafu wa kawaida: piperakwini, dawa inayotumika, ni ya ukoo huo. Asilimia chache za biskwinolini ndani ya poda yako zinaweza kuua vimelea na kukufanya usifie kampaundi isiyostahili.

Baada ya kupoa, mimina kwenye maji yenye besi kidogo. Diamini iliyozidi hubaki kwenye maji, bidhaa huhamia kwenye ethili asetati au hujitenga kama kitu kigumu. Kwenye bamba la kromatografia amini hii huacha mkia mrefu wa aibu. Ongeza matone ya amonia au trietilamini kwenye kiyeyushi, mkia unakatika.

Sasa thibitisha. Spektra ya masi ionyeshe kilele cha 222 na cha 224 kwa uwiano wa 3 kwa 1, alama ya klorini moja. Ukiona 198, 200 na 202 kwa uwiano wa karibu 9:6:1, malighafi haijaisha. Ukiona 383 na wenzake, ndiyo ile biskwinolini. Kwenye NMR ya protoni, tafuta jozi ya vilele viwili viwili, mmoja karibu 8.4 na mwingine karibu 6.5, vikiwa na J ya takriban hezi 5.5: ni haidrojeni za nafasi ya 2 na 3, na kushuka kwa ile ya 3 kunathibitisha naitrojeni imekaa jirani yake. Usipeleke kipimoni kitu chochote chenye usafi chini ya asilimia 95 kwa HPLC.

Ncha ya amini iliyobaki ndiyo mkono wako wa kazi. Ifunge na asidi za kaboksili mbalimbali ili kupata amidi, au na aldehidi kwa njia ya kupunguza, na kundi zima la kampaundi linazaliwa.

Jambo moja zaidi kuhusu muundo: ogopa vituo vya mkono wa kulia na kushoto (vya kiral) mpaka data ikulazimishe. Bedakwilini ina viwili, hivyo isomeri nne, na inayotakiwa ni moja. Kuitenga kutoka kwenye mchanganyiko kuliongeza gharama ambazo wakemia wametumia miaka mingi kuzipunguza.

Hatua ya 6: Mzunguko wa kurekebisha

Buni, tengeneza, pima, soma, rudia. Badilisha kitu kimoja kwa kila kampaundi, la sivyo hutajua kilicholeta tofauti. Na usikimbilie nguvu peke yake. Nguvu huongezeka kirahisi ukiongeza mafuta kwenye molekuli, na mafuta hayo hayo huharibu uyeyukaji, huharakisha ini kuisaga, na huileta karibu na mkondo wa potasiamu wa moyo uitwao hERG. Besi zenye mafuta ndizo zinazoupenda zaidi, na hizo ndizo nyingi ya dawa za malaria. Bedakwilini nayo hurefusha kipindi cha QT kwenye mapigo ya moyo. Pima hERG mapema, hata kwa kampaundi mbili tu za kundi.

Amodiakwini, dawa ya malaria, inafundisha zaidi ya mihadhara mingi. Pete yake ya fenoli ina haidroksili iliyokaa mkabala na naitrojeni, na mwili huioksidisha kuwa kwinoni-imini, kitu kinachong'ata protini za ini na uboho. Watafiti waliiweka haidroksili hiyo mahali pa mkia wa molekuli, na mkia mahali pake, wakapata isokwini, ambayo haiwezi kutengeneza kwinoni-imini kwa njia ile na bado inaua vimelea. Atomi ni zile zile, uzito ni ule ule. Kabla ya kutupa kundi zima kwa ajili ya sumu, chora sumu inavyozaliwa, kisha uliza kama kuhamisha kundi moja kunaizuia.

Pale ini linapoisaga molekuli kwenye sehemu moja inayojulikana, weka florini hapo. Hufanya kazi mara nyingi kuliko inavyostahili.

Hatua ya 7: Usugu

Pima kampaundi dhidi ya aina ambazo tayari ni sugu: vimelea vyenye badiliko la Y268S linaloleta usugu kwa atovakwoni, vyenye mabadiliko ya jeni ya kelch13 yanayoleta usugu kwa artemisinini, kama C580Y iliyoenea Asia ya Kusini-Mashariki au R561H iliyoonekana Rwanda, na bakteria waliopoteza KatG, ambao isoniazidi haiwagusi kwa kuwa KatG ndiyo inayoiamsha. Uchunguzi wa jinsi usugu mpya unavyozuka uachiwe maabara zenye kibali na wataalamu wake. Unachotaka kutoka kwao ni majibu mawili: usugu huzuka kwa urahisi gani, na ni jeni ipi iliyobadilika.

Hatua ya 8: Panya

Kibali cha maadili kwanza. Kisha pima kiasi cha dawa kwenye damu ya panya wachache wasio na ugonjwa kabla ya kuwaambukiza wengi. Dawa isiyofika kwenye damu haitaponya kitu.

Kwa malaria, Plasmodium berghei kwa siku 4 ni kipimo cha haraka, ila si kimelea cha binadamu. Kampaundi nzuri iende baadaye kwa panya maalumu wanaobeba damu ya binadamu. Kwa kifua kikuu, panya wa BALB/c hawatengenezi vidonda vyenye kitovu kilichooza kama vya mapafu ya mtu, C3HeB/FeJ hutengeneza. Hapo ndipo unaona kama dawa inapenya uozo huo, maana moksifloksasini hupata taabu kuingia wakati pirazinamidi hupita. Usihesabu bakteria mwisho wa tiba tu. Acha dawa, subiri miezi kadhaa, kisha hesabu waliorudi.

Hatua ya 9: Mseto, gharama na mshirika

Kwa kawaida dawa za kutibu magonjwa haya hutolewa kwa mseto. Artemetha, inayotokana na artemisinini, hutoka mwilini kwa saa chache, lumefantrini hukaa kwa siku, na mseto wao umejengwa juu ya tofauti hiyo: mmoja hupiga haraka, mwingine humalizia. Bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini ndizo mseto wa miezi 6 ambao Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwa kifua kikuu sugu kwa rifampisini. Pima kampaundi yako pamoja na washirika inaotazamiwa kuwa nao, uone kama wanapingana.

Hesabu gharama tangu sasa: mimenyuko mingapi, ipi inahitaji joto la chini ya nyuzi 70 za hasi, ipi inahitaji safu ya kromatografia. Kiwandani safu hiyo haitakiwi. Tafuta chumvi inayoganda kuwa fuwele safi.

Kutoka hapo kwenda mbele ni kazi ya ubia. MMV, iliyoanzishwa 1999, na TB Alliance, iliyoanzishwa 2000, hupokea mapendekezo. Kituo cha H3D cha Chuo Kikuu cha Cape Town, kilichoanzishwa na Kelly Chibale mwaka 2010, kilishirikiana na MMV na kuifikisha MMV390048, kampaundi ya malaria, kwa binadamu. Watakachokuuliza kwanza ni poda ya kutosha kurudia vipimo vyako wenyewe, daftari la usanisi linalofuatika na mtu mwingine, na orodha ya kampaundi zilizoshindwa pamoja na sababu zake. Orodha hiyo ianze kuandikwa tangu hatua ya 3.